Shubiri ya Mama Kuku na Shakwe wa Chato

Daftari la mwalimu lilikuwa na jalada gumu la bluu, na kila ukurasa aliugawa kwa rula safu nne: jina, ukoo, mahali, hali. Safu ya mwisho ndiyo iliyonivuta. Humo aliandika neno moja au mawili tu, nyingi, au chache, au karibu kwisha, na pengine aliweka alama ya kuuliza akaiacha hivyo. Mimi niliyeacha shule darasa la tano nilikuwa nikidhani mambo ya namna hiyo yanajulikana tayari, kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekwisha kuhesabu vitu vyote vya duniani akafunga kabati. Kumbe hapakuwa na mtu kama huyo. Kulikuwa na mwalimu wa sayansi wa chuo kimoja pale Shinyanga, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, aliyezunguka porini wakati wenzake wakienda likizo kwao.

Tulikutana kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba nilikokuwa nikibeba marobota. Alikuwa akibishana na dereva wa lori aliyekataa kumpakilia mzigo wake.

"Majani makavu hayo, mzee," dereva alisema. "Huko uendako hakuna majani?"

"Yapo. Ndiyo maana nataka nikayalinganishe."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Niliacha kazi nikaubeba ule mzigo hadi chuoni, mwendo wa nusu saa, nikimwuliza maswali njia nzima. Tulipofika mlangoni alitaka kujua nimesoma hadi wapi. Nilipomwambia, alivua miwani akaifuta, akasema wanafunzi wake hawajamwuliza hata nusu ya hayo kwa mwaka mzima. Tangu siku hiyo kila likizo yake ilinikuta tayari: nabeba mbao mbili alizobania mimea ili ikauke, darubini yake ya kutazamia ndege, na sufuria.

Nilikuwa mtu wa kutotulia. Nilikwisha kuswaga ng'ombe kutoka Kishapu hadi Mwanza, nikachekecha mchanga wa dhahabu Geita, nikapakua samaki Chato. Sikumaliza misimu miwili mahali pamoja, na ndugu zangu walisema mke wangu atakuwa barabara. Mwalimu peke yake ndiye aliyeona faida ya tabia hiyo. Yeye alikuwa na orodha ya vitu alivyotaka kuviona, na mimi nilijua vilipo.

Kimojawapo kilikuwa shubiri ya Mama Kuku.

Watu wote wa upande ule wa Kishapu walimwita Mama Kuku, hata watoto wake. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyetibu kuku. Kiangazi, ugonjwa wa kideri ulipoingia na kuku kuanza kusinzia huku shingo zimepinda, watu walikwenda kwake. Alikata majani manene ya shubiri, akayatwanga, akayaloweka kwenye maji ya kuku kunywa. Siku ya kwanza nilipompeleka mwalimu, alimwuliza kama dawa hiyo inaponya kweli.

"Wengine wanapona, mwalimu," alijibu. "Wengine tunawahi kuwachinja."

Shubiri yenyewe ilitoka kwenye kilima cha mawe nyuma ya nyumba yake. Kilikuwa kilima kifupi, cheusi, ambacho mtu asiyekijua angekipita bila kugeuza shingo. Lakini tulifika wakati wa maua. Kila ufa wa jiwe ulikuwa na mmea umekaa kama nyota iliyoanguka, majani yake ya kijani yenye madoa meupe na miiba pembeni, na katikati fimbo ya ua la rangi ya chungwa. Ndege aina ya chozi walikuwa wakiruka kutoka ua hadi ua, wakichomeka midomo yao iliyopinda. Mwalimu alikaa juu ya jiwe lenye moto, akasahau kwamba ni la moto.

Hii ilikuwa aina asiyoijua. Shubiri alizokuwa amekwisha kuziona zilikuwa nne, na hakuna iliyokuwa na madoa ya namna ile wala ua lililokaa vile. Alipasua ua moja kwa wembe akanionyesha ndani yake. Ndipo nilipopata somo ambalo nadhani ndilo lililonifunga kwake.

"Ukimkuta mgeni njiani huku kwenu, unamwuliza nini kwanza?"

"Ametoka wapi, na wa ukoo gani."

"Basi na mmea ni hivyohivyo. Himaya yake ni mimea, kama mtu na himaya ya mtemi wake. Ndani ya himaya kuna koo kubwa, ndani ya ukoo kuna milango, ndani ya mlango kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna yeye mwenyewe. Unadhani huyu ni ndugu wa nani?"

Niliangalia pembeni. Uani kwa Mama Kuku kulikuwa na ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani vinavyotoa maziwa makali ukivivunja. Nayo haina haja ya mvua, nayo imejaa maji mwilini. Nikasema mnyaa.

"Hapana. Mnyaa ni ndugu wa muhogo."

Nilicheka. Aliniambia niendelee kucheka lakini nichunguze ua la mnyaa na mbegu yake nikipata nafasi, halafu nilinganishe na mbono. Shubiri, alisema, wataalamu wengi wameiweka nyumba moja na yungiyungi na kitunguu. Unene wa jani haukuwa undugu. Ulikuwa ni shida ya kiangazi, na shida huwafananisha watu wasiojuana. Undugu uko kwenye ua. Mama Kuku, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikapu, alinusa jani alilokuwa amekata.

"Kitunguu?" alisema. "Basi ndugu huyu kasusa kutiwa kwenye mboga."

Sasa niseme jambo lililotufanya tusafiri. Juu ya kilima kile vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Barabara ya kwenda Mhunze ilikuwa inatengenezwa na walihitaji kokoto. Mama Kuku alikataa kilima chake kupasuliwa, na alikataa kwa sauti. Katibu tarafa alikuwa mtu mwenye haya, asiyependa kugombana na mama wa watu. Alipandisha pikipiki yake hadi pale siku ileile tuliyokuwepo, akaamkiwa, akaitika marahaba zote, kisha akamgeukia mwalimu.

"Wewe msomi, niandikie barua. Kama mmea huu hauko pengine, nitawaambia watu wa barabara watafute mawe kwingine. Kama uko, sina la kuwaambia."

"Nipe mwezi," mwalimu alisema.

"Nakupa wiki tatu."

Mama Kuku alinishika mkono, akanivuta pembeni, akaniambia, "Wewe unayezunguka, mwanangu, usinitie aibu."

Kuna jambo alilolijua yeye na nililolijua mimi, na hakuna kati yetu aliyeliona kuwa kubwa. Mama Kuku hakuwa akitoza watu kitu kwa dawa yake. Kuku wako wakipona, ulirudi kuchukua kitoto cha shubiri, ukakipanda kando ya banda lako, ili kiangazi kingine usimsumbue. Vitoto hivyo alivitoa kwenye shina moja kubwa lililokuwa chini ya kilima, kando ya njia. Zile za juu zilisimama moja moja, hazikuzaa vitoto, na mizizi yake ilikuwa ndani ya nyufa. Watu walikuja kuvichukua kutoka mbali. Mimi mwenyewe kila nilipopita nilibebeshwa viwili vitatu: hiki cha shangazi yake Kagongwa, hiki cha binamu yake aliyefuata dhahabu Geita, hiki cha mama mmoja Chato ambaye hata simjui. Shubiri haina taabu njiani. Unaifunga kwenye gunia, unaisahau majuma matatu chini ya kiti cha lori, na siku ukiikumbuka iko hai, imekunja majani tu kama mtu aliyenuna.

Tulianzia Kagongwa. Niliwaonyesha wenyeji picha aliyoichora mwalimu, nao wakatupeleka uani. Ipo. Nyumba ya pili, ipo. Kando ya kaburi, ipo. Mwalimu hakutishika. Zilizopandwa hakuzihesabu, alitaka zile za porini, zilizoota zenyewe.

Tukapanda lori la pamba kuelekea Geita, sisi juu ya marobota. Na pale, katikati ya pori lisilo na nyumba wala moshi, nikaziona kwanza mimi. Maua ya rangi ya chungwa, mashina kumi na zaidi, kando ya vichuguu. Mbele kidogo, mengine. Mbele tena. Nikayaacha yapite kiasi cha mwendo wa maili moja hivi, kisha nikamgusa mwalimu bega na kumwonyesha. Sikuweza kufanya vinginevyo. Mtu aliyenifundisha kuuliza ua ni la nani, nimfiche ua?

Alitoa penseli. Kwenye safu ya mahali akaandika: porini, kati ya Kagongwa na Geita. Kwenye safu ya hali akafuta alama ya kuuliza, akaandika: nyingi.

"Pole," aliniambia.

Chato tulifika tumechoka, mimi nikimfikiria Mama Kuku. Lakini siwezi kusema uwongo: ziwa lilinisahaulisha. Ufukweni akina mama walikuwa wameanika dagaa kwenye mchanga, na juu yao shakwe wengi, weupe, vichwa vya kijivu, midomo na miguu myekundu kama waliovaa kwa sikukuu. Mama mmoja alikuwa na fimbo ndefu yenye kitambaa. Kila alipoipunga upande huu, walitua upande ule.

"Wezi hawa," alituambia, "lakini wana adabu. Wanangoja ugeuke."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Alikuwa na furaha ya ajabu kwa mtu aliyekuwa amebeba habari mbaya. Alikaa na mimi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akafungua ukurasa mpya mkabala na ule wa shubiri, na akanifundisha shakwe. Himaya, wanyama. Ukoo mkubwa, ndege. Na undugu? Nikatazama jirani zake: mnandi mweusi aliyetandaza mabawa yakauke, na mwari mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Wote ni wavuvi, wote wa maji. Lakini nilikuwa nimekwisha kuumwa na nyoka yule wa muhogo, sikusema haraka.

"Kitwitwi," nilibahatisha, nikimaanisha kale kandege kenye miguu myembamba kanakokimbia ukingoni mwa maji.

Mwalimu aliniangalia kama vile nimempa zawadi. "Umejuaje?"

"Nimeona mnandi amekaa karibu naye mno. Wewe huwa unakataa cha karibu."

Ilikuwa kweli: shakwe ni wa mlango mmoja na vitwitwi, wala si ndugu wa mnandi. Akaniambia na jambo jingine ambalo mpaka leo nikimwona shakwe huwa nalikumbuka. Ndege huyu ni wa jamii ya ndege wa bahari. Juu ya macho yake ana tezi za kutolea chumvi, ili aweze kunywa maji ya bahari asife. Na hapa yuko kwenye ziwa la maji matamu, siku nyingi za safari kutoka pwani, amezaliwa huku, babu yake kazaliwa huku, na bado wana zana za chumvi kichwani. Nilimwangalia upya yule mwizi wa dagaa. Nilijiona mimi, lakini yeye alikuwa amefanya vizuri zaidi, kwa sababu popote alipokwenda alibeba kila alichohitaji na hata asichohitaji.

"Na hali yake?" niliuliza.

Mwalimu hakuandika hapohapo. Aliwafuata wavuvi akawauliza wanataga wapi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alicheka.

"Hapa? Hapa hutaona kifaranga hata mmoja. Wanataga kwenye jiwe, kule ndani ziwani. Mwaka fulani vijana waliokota mayai karibu yote."

"Ikawaje?"

"Wakahama. Mwaka uliofuata wakataga kwenye jiwe jingine. Unadhani ni wajinga kama sisi?"

Mwalimu akaandika: wengi, salama. Akanieleza kwa nini. Kuona wengi ufukweni hakutoshi. Ni lazima ujue kitanda chao kiko wapi, na kama kitanda kikivunjwa wana pengine pa kulala. Shakwe wanapo. Wako kwenye maziwa mengine, na aina hiyohiyo iko hata ng'ambo ya bahari kubwa. Nilimsikiliza, nikamwonea wivu ndege. Kisha mwalimu akaingia posta na barua aliyomwandikia katibu tarafa, akaituma. Barua ilisema ukweli kama tulivyouona. Ilisema shubiri ya kilima cha Kishapu iko porini mahali pengi.

Gari tulilorudi nalo liliharibika karibu na yale maua. Dereva akaingia chini yake na tusi, na sisi abiria tukatafuta vivuli. Nilikwenda kuangalia shubiri kwa karibu, labda kwa hasira, kama mwanamke anavyokwenda kumwangalia mke mwenzake.

Kitu cha kwanza kilichonigusa mguu kilikuwa jiwe la kusagia. Lilikuwa limepasuka, tumbo lake limelika kwa miaka ya mikono ya mtu. Nikasimama. Pembeni yake tumbaku imeota yenyewe, majani mapana, tumbaku ambayo haioti porini bila kuwa na mtu aliyeipanda zamani. Udongo ulikuwa mweusi na laini kama wa zizi. Nikainua macho nikaona kile ambacho lori lilinipitisha haraka nisikione: mstari wa minyaa, umekuwa miti sasa, umezunguka mahali palipo wazi. Mnyaa haupangi mstari wenyewe.

Yalikuwa mahame. Watu wa hapa walikuwa wamehamia kijijini miaka michache nyuma, wakati nchi nzima ilipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba za nyasi na fito mchwa walizimaliza kwa masika mawili. Kilichobaki ni vile ambavyo mchwa hawali. Pale palipoota shubiri palikuwa na banda la kuku.

Na mimi, mtoto wa nchi hii ya Wasukuma, niliyekulia ndani ya ua kama ule, nilipita juu ya lori nikaita pori.

Nikamwita mwalimu kwa mayowe. Alikuja mbio akidhani nimeumwa. Nilimwonyesha jiwe, tumbaku, udongo, mstari. Yeye alikuwa mtu wa milimani, kwao nyumba hazihami, na isingemjia akilini. Lakini mimi sikuwa nimemaliza, maana kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinikereketa tangu Kagongwa, na sasa nililishika.

"Mwalimu, mbegu ziko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Za hizi. Kule kilimani sehemu ya chini ya kila fimbo ilikuwa na matunda makavu yamepasuka, na vijimbegu vyembamba vyenye utando kama bawa la kumbikumbi. Nilijaza mfukoni nikavichezea. Kagongwa sikuona. Geita sikuona. Hapa, angalia: ua limechanua, limekauka, limedondoka. Fimbo tupu."

Mwalimu alipiga magoti kwenye shina la kwanza, la pili, la tano. Alipasua maua kwa wembe mpaka vidole vikawa vya njano kwa utomvu. Kisha akakaa chini na kucheka peke yake. Shubiri, alinieleza, nyingi haziwezi kujipa mimba. Huhitaji chavua ya mmea mwingine. Na vitoto vyote vya shina moja ni mmea uleule, hata ukivitawanya toka Kishapu hadi Chato. Tulikuwa tumesafiri wiki mbili kuhesabu mmea mmoja.

"Mama Kuku ametoa vitoto kwenye shina moja," nilisema. "Lile la njiani. Siku zote."

"Basi zote hizi ni dada," alisema. "Wachumba wako kilimani."

Tulifika Kishapu tumetanguliwa na barua. Siku hiyo katibu tarafa alikuwa ameitisha watu chini ya kilima, na msimamizi wa kazi ya barabara alikuwepo, kijana mwenye kofia ngumu na sauti kubwa. Mama Kuku alikuwa amekaa juu ya lile jiwe alilokalia mwalimu siku ya kwanza kana kwamba ni kiti chake cha kanisani. Katibu tarafa alipomwona mwalimu alipapasa mfuko wa shati.

"Barua yako ninayo. Umeandika ziko nyingi."

"Nimeandika, na nimekosea," mwalimu alisema mbele ya watu wote. Sijawahi kumwona msomi mwingine akisema hivyo bila kuongeza neno la kujitetea. Akaeleza mahame. Akaeleza mbegu. Akaeleza kwamba nyumba mia zina shubiri moja, na shubiri za kuzaa ziko hapa juu tu, kwa kadiri anavyojua.

Msimamizi alicheka. "Yaani mwalimu, maua nayo yana mwiko wa kuoana ukoo mmoja?"

"Wewe ulidhani ni mbuzi?" Mama Kuku alimjibu kutoka juu ya jiwe, na kicheko kikawaenea watu wote.

Lakini kicheko hakikuondoa vigingi. Katibu tarafa alizunguka, akavua kofia, akaivaa. Alisema wazi kwamba kazi imekwisha kuamriwa na yeye hana mamlaka ya kuisimamisha, kwa sababu ile barua, aliyokwisha kuwasomea watu wa barabara, ndiyo ingekuwa silaha yake na ilikuwa imemgeuka. Alichoweza ni kumwomba msimamizi aanze upande wa kaskazini, ambako jiwe ni tupu, auache huu wa maua mpaka mwisho. Msimamizi aliangalia kilima, akamwangalia Mama Kuku.

"Kiangazi chote hiki nitakuwa kaskazini," alisema. "Masika yakianza kabla sijafika huku, bahati yako, mama. Nikifika, usinilaani."

"Nitakulaani kidogo," alisema Mama Kuku.

Kisha akashuka na kufanya kitu ambacho mwalimu wala mimi hatukukifikiria. Alituma habari kwenye minada yote: kila aliyewahi kuchukua kitoto kwangu, arudi akichukulie mchumba. Nilipeleka habari hiyo mwenyewe, kwa miguu na kwa malori, mpaka kwa wachimbaji Geita, ambao walisema nimelewa. Na watu wakaja. Walikuja kwa baiskeli, kwa punda, mzee mmoja kwa miguu toka Kagongwa na kuku wawili chini ya kwapa kama zawadi. Mwalimu alipanda kilimani asubuhi na jioni, akichagua mashina yaliyosimama mbalimbali, kila nyumba moja, mengine akiyaacha mahali pake. Sisi tuliyang'oa kwa nondo, taratibu, tukifuata mizizi ndani ya ufa kama wachimbaji wanaofuata mshipa wa dhahabu. Binamu yake Mama Kuku, aliyekuja kutoka machimboni, alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote. Jiwe lilipotikisika aliliambia polepole, "Niachie, niachie," na mmea ukatoka mzima.

Upande wa pili wa kilima baruti zililia kila adhuhuri. Tulikuwa tukisimama, vumbi linatua juu ya majani, kisha tunaendelea.

Masika yalikuja mapema mwaka ule. Barabara ilifika Mhunze kilima kikiwa kimebaki nusu, na nusu hiyo ilikuwa ya upande wa maua, ingawa ukingo wake umekatwa wima kama mkate na kila mvua ilidondosha mawe na mashina. Watu walimpongeza Mama Kuku. Alisema hajui kama ameshinda. "Nina kilima nusu," alisema, "na wakwe wilaya nzima."

Kiangazi kilichofuata alinituma niende nyumba kwa nyumba kuangalia kama kuna mbegu. Nyumba tatu za kwanza Kagongwa hazikuwa na kitu. Ya nne, mama mwenye nyumba alilalamika kwamba watoto wanapasua vitunda vya shubiri na kuvipuliza vipae, uwanja mzima umechafuka. Nilimwomba vilivyobaki. Nikaviweka ndani ya kiberiti kitupu, nikatembea siku mbili bila kukifungua.

"Shikamoo mayu," nilimsalimu Mama Kuku kwa neno la kwetu la mama, nikampa kile kiberiti.

Alimimina mbegu kwenye kiganja, akapanda hadi ukingoni pale palipokatwa, akazipuliza juu ya vifusi. Nyingine ziliota, niliziona miaka miwili baadaye, ndogo kama kucha, zimejibana kati ya mawe yaliyovunjika. Nyingine upepo ulizirudisha uani, na kuku wake wakazila palepale mbele yetu. Hakuwafukuza.